Vikwaruzo na Mikwaruzo: Santuri Iliyosafishwa katika Sikio la Sironga

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umejengwa, kwa sehemu kubwa, juu ya karatasi. Mhakiki anapotaka kujua kama neno fulani ni la mtunzi au ni la mnakili, hurudi kwenye hati, hulinganisha nakala, huyatazama maandishi ya Kiarabu yalivyoweza na yasivyoweza kuzibeba sauti za Kiswahili, kisha ndipo hutoa uamuzi wake. Tungo za Muyaka bin Haji zilipita mikononi mwa Mwalimu Sikujua, kisha W. E. Taylor, kisha William Hichens aliyezichapisha mwaka 1940, na kila mkono uliacha alama ambazo wanazuoni wa baadaye wamezijadili kwa makini. Lakini liko fungu kubwa la ushairi huo huo ambalo halikuhifadhiwa kwa wino. Lilihifadhiwa katika mifuo ya santuri za gramafoni, na mintarafu ya fungu hilo maswali ya namna hii ni nadra kuulizwa. Aliyeyauliza kwa ukaidi, na kwa muda wa miaka kadhaa, ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayeishi Sironga, katika Kaunti ya Nyamira, mbali kabisa na bahari.

Mwalimu (hivyo ndivyo anavyoitwa na kila mtu katika vilima hivyo vya chai na migomba, hata na wale ambao hakuwafundisha) alifanya kazi Mombasa kwa miaka michache mwishoni mwa miaka ya 1970. Jirani yake wa huko alikuwa na santuri za taarabu ya kale ya Unguja, nyingine zimechubuka hadi zikawa za kijivu, naye alimnakilia chache katika kaseti kwa kuunganisha waya moja kwa moja kutoka katika gramafoni ya umeme. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, binti yake alimletea sidii iliyotengenezwa Ulaya, yenye nyimbo za zama hizo ambazo, kwa maelezo ya kijitabu chake, zilikuwa zimesafishwa kwa kompyuta. Wimbo mmoja katika sidii hiyo ni ule ule uliomo katika kaseti. Mwalimu alikuwa amekwisha kuanza kuyaandika maneno ya nyimbo hizo, ili wanafunzi wa mashule ya jirani wapate kuusoma ushairi wa kuimbwa pamoja na ule wa vitabuni, na aliipokea sidii hiyo kama mtu aliyeletewa miwani mipya.

Siku za mwanzo zilikuwa za furaha tupu. Udi ulitoka mbele, fidla ikasikika kamba kwa kamba, na ile mvua ya mchanga iliyokuwa ikinyesha juu ya kila wimbo katika kaseti ikakatika. Ilikuwa pale alipoketi na kalamu ndipo mashaka yalipoanza. Maneno aliyokuwa ameyaandika kutoka katika kaseti mbovu, hakuyasikia tena katika sidii safi.

Ili kulielewa jambo hili yafaa kukumbuka santuri hizo zilivyotengenezwa. Siti binti Saad na wenzake wa Unguja walipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya HMV, na kutoka hapo biashara ya santuri za Kiswahili ikashamiri kwa miaka kadhaa. Maikrofoni ya umeme ilikuwa imeingia katika kazi hiyo tangu mwaka 1925, na ilikuwa hatua kubwa kuliko pembe ya bati iliyotangulia, lakini bado mashine za wakati huo zilipokea sauti hadi kiasi cha mitetemo 5,000 au 6,000 kwa sekunde, na juu ya hapo hazikupata kitu cha maana. Upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu, hivyo wimbo uliozoea kutanuka usiku kucha barazani ulilazimika kukatwa beti ukaingia. Santuri yenyewe ilikuwa ya shelaki iliyochanganywa na unga wa mawe, na unga huo ndio unaotoa ule mchakato usiokoma. Sindano za chuma zilipaswa kubadilishwa kila upande, lakini nani aliyekuwa na sindano za kutupa? Sindano butu ilipita tena na tena katika mfuo ule ule, na kitu cha kwanza kulika kilikuwa zile sauti za juu, nyembamba, zenye mitetemo mingi. Aghalabu waliozirudisha nyimbo hizo katika sidii hawakuwa na kalibu za kiwandani; walikuwa na nakala zilizosalia, zilizokwisha kupigwa arusini na mikahawani.

Wala lawama si kwa wote waliozirudisha. Mkusanyiko wa *Poetry and Languid Charm*, uliotolewa na Topic mwaka 2007 kutoka katika hazina ya Maktaba ya Uingereza chini ya uhariri wa Janet Topp Fargion, na mfululizo wa *Zanzibara* ulioanza mwaka 2005 chini ya Werner Graebner, umewapa wasomi wengi nafasi ya kuzisikia sauti ambazo vinginevyo zingebaki kuwa majina katika vitabu. Sidii ya Mwalimu ni nyingine, na haina haja ya kutajwa. Iliangukia mikononi mwa fundi aliyeona kwamba kelele yoyote ni aibu.

Hapa ndipo istilahi za fonetiki ya Kiswahili zinapofichua jambo ambalo lugha nyingine hulificha. Sauti kama s, f, sh, th na z huitwa vikwaruzo, kwa sababu hewa hupita kwa kukwaruza katika mwanya mwembamba. Sauti kama p, t na k huitwa vipasuo. Sasa, msikilizaji wa santuri kongwe analalamika juu ya nini? Juu ya mikwaruzo na mipasuko. Si mchezo wa maneno tu. Kwa mashine ya kusafishia, ambayo haijui Kiswahili wala lugha nyingine yoyote, s ya mwimbaji na mchakato wa unga wa mawe ni kitu cha namna moja: kelele isiyo na noti, iliyotawanyika katika masafa ya juu. Mlio wa t unaopasuka na mlio wa sindano inayoruka ufa mwembamba ni ndugu. Mashine ikiamriwa kwa upole, huondoa sehemu ya kelele na kuiacha s. Ikiamriwa kwa ukali, humtupa jongoo na mti wake. Irabu hubaki, tamu na duara. Noti za udi hubaki. Konsonanti hugeuka pumzi. Matokeo yake ni sauti ya mtu anayeimba akiwa amefunikwa shuka.

Kejeli ni kwamba sidii yenyewe haina upungufu huo. Tangu ilipotoka mwaka 1982, chombo hiki hupima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, na kinaweza kubeba mitetemo zaidi ya 20,000, yaani kila kitu ambacho sikio la binadamu linaweza kukipokea. Nyumba ni kubwa. Mgeni ndiye aliyenyolewa nywele kabla ya kuingizwa.

Huenda msomaji wa pwani akaona hoja hii imetiwa chumvi. Mtu aliyezaliwa ndani ya Kiswahili hujaza mapengo bila kujua kwamba anajaza. Ekegusii, lugha ya mama ya Mwalimu, haina f, haina v, haina z, haina sh, haina th wala dh. Ina s moja tu, na hiyo inafanya kazi yote. Mtoto wa Sironga wa miaka ya 1950 alipoingia darasani alifundishwa kwamba *shaka* na *saka* ni maneno mawili, kwamba *dhana* si *zana*, na kwamba safari aliyoijua nyumbani kama *esabari* ilikuwa na sauti katikati ambayo meno ya juu hayana budi kugusa mdomo wa chini ili itoke. Masikio yake yalijifunza tofauti hizo moja moja, kwa kuchekwa na kwa kurudia, na baadaye kwa kuwasikiliza watangazaji wa Sauti ya Kenya jioni. Kwa mtu kama huyo vikwaruzo si pambo la lugha. Ndivyo Kiswahili chenyewe alichokitafuta. Irabu alikuwa nazo tangu kwao, saba, zaidi ya zile tano alizozikuta shuleni. Ndiyo maana aliyaona mapengo ambayo wasikilizaji wenye bahati zaidi waliyapita.

Pengo lililomtesa ni moja. Katika ubeti wa tatu wa wimbo ule, kipande kimoja kinaishia kwa kitenzi ambacho katika kaseti Mwalimu alikiandika *nitamsuta*. Katika sidii kinasikika *nitam-uta*, na mbele ya *u* kuna pumzi tu, ambayo inaweza kuwa s na inaweza kuwa f. *Nitamsuta* au *nitamfuta*? Sauti hizi mbili hupishana hasa katika masafa ya juu. Ndiyo sababu hata katika simu, ambayo nayo hukata masafa hayo, watu huchanganya s na f na kulazimika kutaja herufi za majina yao.

Mwanafunzi wa arudhi atakimbilia vina na mizani. Havisaidii. Mizani ni mitano kwa neno la kwanza na mitano kwa la pili. Kina ni *-ta* kwa yote mawili. Zana zote ambazo mapokeo yameturithisha kwa ajili ya kuukagua ubeti zinanyamaza, ilhali maana ya utungo mzima inategemea jibu. Akiimba *nitamsuta*, mwimbaji anaahidi kumkabili mtu hadharani, mbele ya mashahidi, na wimbo unasimama katika ukoo wa mashairi ya kujibizana ambao wahakiki wa taarabu wanaujua vizuri. Akiimba *nitamfuta*, hakuna hadhara yoyote. Kuna mwanamke peke yake anayekata shauri kuliondoa jina moja moyoni. Beti mbili zilizotangulia zinaafikiana na maana zote mbili, na santuri haikupewa nafasi ya ubeti wa nne. Yamkini barazani ubeti huo ulikuwapo, na ndio uliofafanua. Dakika tatu zilikwisha.

Ulaya na Marekani nako wamebishana mno kuhusu usafishaji wa namna hii. Mwaka 1976 kampuni ya RCA ilitoa nyimbo za Enrico Caruso baada ya Thomas Stockham kuzipitisha katika kompyuta ili kuiondoa athari ya pembe iliyozirekodi mwanzoni mwa karne, na wapo waliosema kuwa wamemsikia Caruso kwa mara ya kwanza, na wapo waliosema wamesikia kompyuta. Mwaka 1988 ilianzishwa Cambridge kampuni ya CEDAR, iliyotokana na utafiti ulioagizwa na hifadhi ya sauti ya taifa ya Uingereza, na mitambo yake ikawa kawaida katika kazi hiyo. Kampuni ya Nimbus ilichukua njia nyingine kabisa: katika mfululizo wake wa *Prima Voce*, ulioanza mwaka 1989, ilizipiga santuri katika gramafoni kubwa yenye pembe ndani ya chumba, ikarekodi chumba hicho, mikwaruzo na yote. Mabishano yao ni ya ladha: sauti ipi ni ya kweli zaidi, ipi inachosha sikio, ipi ina uhai. Ni mabishano ya heshima. Lakini nyuma yake kuna utulivu ambao msomaji wa Kiswahili hana. Msikilizaji wa Caruso akikosa s moja, hufungua kitabu cha opera. Maneno yamo, yamechapishwa, na Verdi aliyapitia. Msikilizaji wa santuri ya Unguja ya mwaka 1930 hana kitabu cha kufungua. Shaaban Robert alituandikia wasifu wa Siti, na ni kazi ya thamani kubwa, lakini wasifu si diwani. Mara nyingi santuri ndiyo hati pekee, na fundi anayeisafisha anafanya kazi ya mhariri bila kujua kwamba ameajiriwa kuwa mhariri. Hichens alipobadilisha neno, angalau alijua kwamba ni neno.

Hata hivyo Mwalimu hakuridhika kuishia katika kumshutumu fundi, na hapa ndipo suala linapokuwa gumu. Kwa nini alisikia *suta* katika kaseti yenye kelele kuliko sidii? Mwaka 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Warren, alikata sauti moja kutoka katika neno lililorekodiwa, sauti hiyo ikiwa s, na mahali pake akaweka kikohozi. Karibu wasikilizaji wote walisema neno lilikuwa kamili. Waliisikia s ambayo haikuwapo. Alipoacha kimya mahali pa kikohozi, pengo lilibainika. Maana yake ni kwamba kelele humpa msikilizaji ruhusa ya kukisia, na ubongo hukisia kwa ukarimu mkubwa kiasi cha kumfanya mwenyewe aapie kuwa amesikia. Kaseti ya Mombasa, basi, huenda iliihifadhi s. Au huenda ilihifadhi mchakato wa kutosha, na s ikaletwa na kijana wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa ametoka kuzisikia ngoma za mtaani na kujua kusuta ni nini. Sidii ilimnyima ukarimu huo. Kwa maana moja ni shahidi mwongo aliyefuta ushahidi. Kwa maana nyingine ni shahidi mkali anayesema: hapa hakuna kitu, usijidanganye.

Na kuna lililo baya zaidi, ambalo Mwalimu alilisema kwa wenzake mara moja tu kisha akabadilisha mazungumzo. Uzee huanza kuyala masafa ya juu. Sauti za kwanza kumtoka mzee ni hizo hizo s, f na th. Darasani miaka yake ya mwisho alikuwa amekwisha kuona kwamba wasichana wa safu ya nyuma wanasema kwa irabu tu. Sikio lake, kwa maneno mengine, linasafishwa vile vile kama santuri, na kila mwaka unaopita swali lake linakuwa gumu zaidi kwake yeye kulijibu.

Sironga ina somo lake katika jambo hili, nalo halihusu maneno. Obokano, kinanda kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi nane na ngozi ya ng'ombe, kinachofananishwa mara nyingi na besi kubwa ya okestra, hakitoi noti safi. Kila noti inatoka na mvumo mzito wenye mkwaruzo ndani yake, na mpigaji aliyepoteza mvumo huo huambiwa kinanda chake kimekufa. Ndivyo ilivyo kwa mbira za Washona zinazofungwa kauri au vifuniko vya chupa ili zichachatike, na kwa timbila za Wachopi ambazo hutiwa utando maalumu kwa ajili hiyo hiyo. Fundi mwenye mazoea ya Ulaya akiupokea ukanda wa obokano bila maelezo atadhani kipaza sauti kilikuwa kibovu. Ataurekebisha. Mwalimu, ambaye baba zake wadogo walipiga obokano katika sherehe za kutahiriwa, alikuwa amezoea tangu utotoni fikra kwamba mkwaruzo unaweza kuwa ndani ya muziki, si juu yake. Na yamkini mazoea hayo, kuliko elimu yoyote ya fonetiki, ndiyo yaliyomfanya asiamini haraka usafi wa sidii ile.

Likizo moja alimwita mjukuu wake anayesoma chuo kikuu, mwenye masikio ya umri wa miaka ishirini, akampigia kwanza sidii. Mjukuu alisema hawezi kujua, neno limeliwa. Kisha Mwalimu akaweka kaseti, bila kumwambia alichokiandika yeye. Binti akasikiliza mara moja, akasema, "Nitamsuta, Sokoro." Mwalimu akamwuliza alichokisikia hasa ni nini. Akairudisha, akasikiliza mara tatu nyingine, akakunja uso. "Nimesikia kelele, halafu *uta*," alisema. "Lakini mwanamke wa Unguja aliyekasirika atasema nini kingine?"

Nani aliyemwambia kwamba mwanamke huyo amekasirika? Ni lile neno lenyewe. Mwalimu hakumkosoa. Katika daftari, *nitamsuta* ilikwisha kuandikwa kwa wino miaka mingi kabla, na nakala za daftari hilo zilikuwa tayari mikononi mwa walimu wawili wa jirani. Mmoja wao alikuwa ameutungia ubeti huo swali la mtihani wa majaribio, wanafunzi wakatakiwa kueleza msimamo wa mwimbaji kuhusu fedheha ya hadharani. Mwalimu aliwaendea wote wawili akiwa na kalamu nyekundu. Sasa neno limeandikwa *nitam[s]uta*, na chini yake kuna maelezo ya mistari miwili: kwamba s ni ya kukisia, kwamba kaseti inairuhusu, kwamba sidii haiithibitishi wala kuikanusha, na kwamba *f* inawezekana. Mwalimu wa ile shule ya mtihani alilalamika kwamba wanafunzi hawawezi kupewa ubeti wenye mabano.

Kilichobaki ni santuri yenyewe. Jirani wa Mombasa alifariki zamani, lakini watoto wake wamejibu kwamba sanduku bado lipo juu ya kabati, na kwamba ndani yake ziko santuri kama ishirini, baadhi zimevunjika. Nakala mbili za santuri moja hazikuliwa na sindano mahali pamoja, kama vile nakala mbili za hati haziliwi na mchwa mahali pamoja, na Mwalimu ana matumaini kwamba iliyomo sandukuni haikuwa ile ile iliyopigwa kwa ajili ya kaseti yake bali ni ya pili, iliyopigwa mara chache zaidi. Amewaomba wamsomee namba zilizochongwa katikati, karibu na karatasi ya jina. Amewaomba pia, na sentensi hii ameipigia mstari, wasizifute kwa spiriti kabla ya mtu kufika, kwa sababu spiriti huyeyusha shelaki.